Zeituni za Mwaka 1677

Bi Shedlia hakupenda kuulizwa maswali, na swali langu mimi ndilo lililomkera kuliko yote.

"Zeituni hizi zimechumwa lini, shangazi?"

"Zimechumwa."

"Kwamba zimechumwa naona. Lini? Kompyuta inataka tarehe."

"Iambie ikaiulize miti yangu. Mti wa kwanza niliuchuma mvua ilipokatika. Wa pili nilipopata nguvu. Wa tatu dada yangu alikuja, tukapiga soga mpaka jua likazama na ndoo haijajaa. Sasa nikutajie tarehe ipi, Naziha? Ya mti, ya tawi, au ya punje?"

Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi. Nikapima magunia yake, nikaandika jina na uzito, na pale pa tarehe nikapaacha patupu. Programu iliruhusu. Siku zote ilikuwa inaruhusu, na mtu asiye na tarehe iliyajua yenyewe mambo yake, ikamtafutia nafasi bila kelele.

Kazi yangu ilikuwa mizani, kwenye kinu cha Bwana Monji nje kidogo ya Sfax. Msimu wa zeituni ukiingia pale hapakaliki. Zeituni iliyochumwa haina subira: ukiifungia kwenye gunia inaanza kupata joto, na ikichelewa mafuta yake yanakuwa makali, yanafaa kutengenezea sabuni. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa moja, aliyechuma mapema akamuliwe mapema. Zamani sheria hiyo ilisimamiwa kwa viwiko na kwa kutajana mama. Ndipo Bwana Monji akawaita Dorsaf na binamu yake Zied, ambao walikuwa na ofisi mjini juu ya duka la keki, wakatutengenezea programu ya kupanga foleni na skrini kubwa ya kutundika uani.

Programu ya kwanza ilikuwa na adabu lakini ilikuwa goigoi. Vipimajoto vilivyochomekwa kwenye magunia vilituma habari kila sekunde, uani mzima, na ile skrini ikawa inaganda watu wakiitazama. Wakulima wakaanza kuipiga makofi kama redio mbovu. Dorsaf akaudhika. Msimu huu akautoa moyo wa programu, ile sehemu inayosoma safu ndefu za tarehe na joto na kuzipanga, akauandika upya kwa lugha ya C, ile inayogeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla haijaanza kufanya kazi. Matokeo yake hata mimi niliyaona. Ulikuwa ukibonyeza tu, foleni imekwisha kujipanga kabla hujainua kidole. Dorsaf alitembea uani siku ile kama mama wa bwana harusi. Kisha akasafiri kwenda Jerba, dada yake alikuwa anaolewa, akamwachia Zied simu.

Asubuhi iliyofuata niliikuta foleni ya watu chini ya skrini, na wote wanacheka isipokuwa waliokuwa wa mbele jana yake.

Wa kwanza kabisa alikuwa Bi Shedlia. Kando ya jina lake iliandikwa: zimechumwa Septemba 21, 1677.

"Shangazi!" Fauzi akapiga ukelele. Huyu Fauzi shamba lake lilipakana na la Bi Shedlia, na mdomo wake haukuwa na mpaka. "Kumbe zeituni zako ziliiva zamani za Maturuki! Mbona ulichelewa hivyo kuzileta?"

Bi Shedlia alikuwa anashuka kwenye pikapu ya mpwa wake. Akajitengeneza shuka lake jeupe, akasogea, akaisoma ile skrini taratibu.

"Nilimsubiri babu yako," akasema. "Alikuja kuniazima kamba ya kufungia magunia mwaka huohuo, hajairudisha hadi leo."

Uwanja ulipasuka kwa vicheko. Bwana Monji, mtu mfupi mwenye kofia nyekundu isiyotoka kichwani hata akiwa na homa, alikuja mbio akashika kiuno.

"Hili ni kosa la mashine. Shangazi, subiri kidogo, tutakurudisha mahali pako."

"Mahali pangu panaandikwa pale juu. Si ulisema mwenyewe mwanzo wa msimu, mashine haina shemeji wala jirani? Nimengoja miaka mia tatu na ushei, Monji, na miguu inaniuma."

Bi Shedlia akakamuliwa wa kwanza, akaondoka na madumu yake akiwapungia watu mkono kama mgeni wa serikali.

Bwana Monji akampigia simu Zied. Nilikuwa karibu, nilisikia pande zote mbili kwa sababu Bwana Monji huongea na simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Mwanangu, mashine yenu imeingia wazimu!"

"Nimeona, ami, nimeona kutoka huku. Ni maandishi tu hayo ya kwenye skrini. Dakika moja."

Na kweli, kabla kahawa haijapoa, Septemba 21, 1677 ilitoweka. Mahali pake pakabaki kistari kidogo. Bwana Monji akatulia. Mimi nikatulia. Zied, kama nilivyojua baadaye, alirudi kwenye kifungua kinywa chake.

Lakini Fauzi hakutulia. Fauzi alikaa juu ya boneti ya gari lake akiitazama skrini, akimtazama mtu wa pili aliyekuwa na kistari, mzee mmoja aliyesahau miwani yake na tarehe yake, naye yuko mbele. Nikamwona Fauzi anahesabu kwa midomo.

Alfajiri ya kesho yake alikuwa wa kwanza mizani.

"Zimechumwa lini, Fauzi?"

Akajishika paji la uso. "Unajua, Naziha, sikumbuki kabisa."

"Fauzi, nilikuona juzi uko juu ya mti. Nilikusalimu."

"Ulinisalimu? Hata hilo sikumbuki. Umri huu, dada yangu."

Fauzi alikuwa hajafika arobaini. Baada yake akaja mkwe wake, naye hakumbuki. Wakaja ndugu watatu wa njia ya Mahres, na mkubwa wao akaniambia kuwa ugonjwa huo uko kwenye ukoo. Mmoja alijisahau akaanza, "Jumatatu as—" kabla mkewe hajamkanyaga mguu. "Jumatatu ni jina la punda wetu," mke akasema. Jua lilipopanda, uwanja mzima ulikuwa umepoteza kumbukumbu, na skrini ilikuwa na vistari kutoka juu mpaka chini kama nguo ya mfungwa.

Ni mtu mmoja tu aliyekumbuka: Ami Khemais. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwembamba, msafi, na mkavu kama mkate wa juzi. Nilipomuuliza alitaja siku, akataja na kwamba ilikuwa mchana. Wengine wakaanza kumzomea kwa chini.

"Ami," Fauzi akamwambia, "sahau kidogo, huna hasara."

"Mimi nilichuma siku niliyochuma."

Jina lake likaenda chini kabisa. Akakaa pembeni mwa magunia yake, mkono juu ya gunia moja kama mtu anayepima homa ya mtoto, na kila aliyeingia na kusahau alimpita. Jioni kinu kilipofungwa alikuwa bado pale. Zeituni zake zilikuwa zimepata moto.

Bwana Monji akampigia Dorsaf mwenyewe, arusini, zumari zikilia nyuma. Sitarudia yote aliyosema. Dorsaf alisema neno moja, "Nakuja."

Alikuja na gari la kaka yake asubuhi ya siku ya tatu, macho mekundu kwa usingizi, na mikono yake yote miwili imepambwa hina mpaka kwenye viwiko. Zied alikuwa amekwisha kufika, amesimama kando ya mlango wa ofisi yetu kama mtu aliyevunja chungu.

"Uliona mwaka 1677," Dorsaf akamwambia, "ukafanya nini?"

"Niliuondoa."

"Uliuondoa wapi?"

"Kwenye skrini."

"Zied, mtu akikuambia nyumba inatoa moshi, wewe unafunga dirisha?"

"Ulikuwa arusini! Nilisema nisikusumbue. Ungepokea simu ungesema, binamu yangu hawezi kitu bila mimi. Usiposumbuliwa unasema, binamu yangu hakuniambia. Niambie, kwako mtu anapitia mlango gani?"

Dorsaf akakaa kwenye kiti changu bila kuniomba, akafungua kompyuta. Vidole vyenye maua ya hina vilipita kwenye vitufe kwa muda, kisha vikasimama. Akabaki anaitazama skrini ile ndogo.

"Lahaula," akasema polepole. "Ni mimi."

Nilikuwa nimeleta mkate wa tanuri na pilipili ya kusaga na samaki wa jodari. Nikamsogezea, nikamwambia anieleze, maana mimi ndiye niliyekuwa natukanwa pale mizani na nilitaka kujua natukanwa kwa sababu gani.

"Kompyuta haijui tarehe, dada Naziha," akasema na kipande cha mkate mkononi. "Inajua namba. Kwake tarehe ni hesabu ya vipande vidogo mno vya sekunde tangu mwaka 1970 uanze. Ya baada ya hapo ni namba ya kawaida, ya kabla ya hapo ni namba hasi."

"Na patupu?"

"Patupu napo lazima paandikwe kwa namba, maana sanduku la kumbukumbu haliwezi kukaa na hewa. Waliobuni utaratibu huu walichagua namba hasi ya chini kuliko zote zinazoweza kuingia humo, wakakubaliana: ukiikuta hii, ujue hapa hakuna tarehe. Programu ile ya kwanza ilikuwa inajua makubaliano hayo, si nilitumia vifaa vya watu. Kwenye C unaingia jikoni mwenyewe. Unapewa namba tupu, na heshima zake uzikumbuke wewe."

"Na wewe hukuiona hiyo namba?"

"Niliiona. Sikuisalimia." Akatafuna. "Nikaipokea kama namba nyingine yoyote, nikaigeuza kuwa tarehe, ikawa mwaka 1677, kwa kuwa ndiyo tarehe ya nyuma kabisa inayoweza kuandikwa kwa vipande vidogo namna hiyo. Na aliyechuma mwaka huo nani atamtangulia?"

"Kwani mtu asiye na tarehe anatakiwa awe mbele au nyuma?"

"Ukiuliza kama yuko mbele ya Fauzi, jibu ni hapana. Ukiuliza kama yuko nyuma ya Fauzi, jibu ni hapana vilevile."

"Huyo ni shemeji yangu kabisa," nikasema. "Hata ukimuuliza kama ameshiba."

Akacheka, na nilifurahi, maana alikuwa karibu kulia. Kisha akaandika. Hayakuwa maneno mengi. Kabla ya kulinganisha, angalia kwanza kama ni ile namba; kama ni yenyewe, mpeleke mwenye nayo mwisho wa foleni. Akaigeuza iwe lugha ya mashine, akajaribu kwa majina ya uongo, akajaribu tena na Zied akimsomea, ndipo akaiweka.

Uani skrini ikapepesa. Majina yakaporomoka kama zeituni zinazopigwa fimbo. Aliyekuwa juu akawa chini, na juu kabisa, peke yake, likabaki jina la Ami Khemais.

Mara Fauzi akaja mizani anakimbia.

"Naziha! Imenijia! Ilikuwa Jumapili!"

"Pole. Nilidhani ni umri."

"Ilikuwa Jumapili, baada ya adhuhuri, hata wewe ulinisalimu!"

Nyuma yake wakaja wale ndugu watatu, wamepona wote kwa mpigo. Yule mke akasema punda wao anaitwa jina lingine. Niliwaandikia tarehe mmoja mmoja mpaka mkono ukauma, na kila nilipoandika nilimtazama mtu machoni, na hakuna aliyenitazama. Bwana Monji alitoka akawaambia kwamba akisikia tena mtu amesahau, atamwita mkewe aje amkumbushe. Hapo wengine walisema ukweli wa ziada, mpaka siku ya kununua magunia.

Skrini ikawa haina kistari ila kimoja, chini kabisa. Bi Shedlia alikuwa ameleta shehena yake ya pili. Alikwenda kusimama mbele ya Dorsaf.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Juzi ulinifanya bibi wa mabibi. Leo umenifanya mtoto asiyezaliwa. Wale walidanganya, sasa wameungama, wamenipita. Mimi sikudanganya hata mara moja. Naziha aliniuliza nikamwambia ukweli, tarehe sina moja, ninazo nyingi. Kosa langu ni lipi?"

Dorsaf akatazama mikono yake. "Huna kosa."

"Basi mbona niko chini?"

"Kwa sababu sikujua pa kukuweka, nikakuweka mahali ambapo hutanisumbua."

Hakuna aliyetegemea jibu hilo, Bi Shedlia naye hakulitegemea. Akavuta kreti, akakaa. "Haya. Sasa nimeshakusumbua. Tufanyeje?"

"Naomba nizione zeituni zako."

Wakaenda wote wawili kwenye pikapu, mimi nikifuata. Dorsaf akatia mkono ndani ya gunia, kiwiko kikazama na hina yake. Akautoa, akatia kwenye gunia la gari la jirani.

"Zako ni baridi," akasema. "Za huyu zinafuka. Unazihifadhije?"

"Chumba cha marehemu mume wangu. Natandaza mikeka, nazimwaga juu yake, nafungua madirisha yote mawili. Kwenye gunia zinaingia asubuhi ya kuja hapa. Alikuwa akinigombeza, nimekigeuza chumba cha mgeni kuwa shamba. Sasa hagombi."

Dorsaf akamwita Zied. Walibishana pale pale mbele yetu kwa dakika kadhaa, sasa bila uchungu, kama watu wanaokumbuka kuwa wanaipenda kazi yao. Wakakubaliana hivi: asiye na tarehe asibandikwe tarehe ya kubuni. Badala yake vipimajoto vimsemee. Kama gunia lake lina joto la watu wa Jumanne, akae na watu wa Jumanne, na kistari chake abaki nacho. Zied ndiye aliyetoa wazo hilo, na Dorsaf alilisema hivyo kwa sauti, watu wasikie.

Jina la Bi Shedlia likapanda hatua chache, likasimama karibu na chini.

Fauzi akashindwa kujizuia. "Aa, shangazi, bado uko mkiani!"

"Zeituni zangu zenyewe zimesema zinaweza kungoja," Bi Shedlia akamjibu. "Zako zimesema nini, Fauzi? Nazisikia zinalia toka hapa." Akaomba chai, akaletewa ya kijani yenye lozi, akatulia kama yuko barazani kwake.

Ami Khemais hakucheka na yeyote. Zamu yake ilikuwa imefika, lakini hakunyanyuka. Dorsaf akamwendea, Zied nyuma yake.

"Ami, nimekuja kukuomba radhi. Mashine iliwalipa waongo, na niliyeiandika ni mimi."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Na huyu?"

Zied akawa mwekundu mpaka masikioni. "Niliona tarehe ni ya ajabu, ami. Sikujua kwamba ndiyo inayopanga foleni."

"Ukaifunika."

"Nikaifunika."

"Miaka yote niliyofundisha," Ami Khemais akasema, "mtoto akipata jibu la ajabu nilimwambia usilifute, nenda nalo mpaka ulipolitoa. Wangapi walinisikiliza? Wachache." Akasimama, akajipangusa suruali. "Magunia ni yale. Mgongo wangu hauyawezi tena, nilikaa kando yake kutwa nzima."

Wakayabeba. Zied alikuwa amevaa viatu vya ofisini vya ngozi laini, na kufika gunia la tatu vilikuwa vimekunywa maji meusi ya zeituni. Dorsaf alikuwa akisukuma kwa bega. Bwana Monji alitaka kuwaita wafanyakazi wawasaidie, Ami Khemais akainua kidole kimoja tu, Bwana Monji akarudi ndani.

Mafuta yalipoanza kutoka tulikusanyika pale bombani. Rangi yake haikuwa mbaya. Ami Khemais akachovya mkate, akauweka mdomoni, akatafuna muda mrefu, uso haubadiliki. Bwana Monji akamwambia kwamba shehena ijayo atamkamulia bila kuchukua fungu lake la mafuta, Ami Khemais akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Kisha akakata kipande kingine, akakichovya mpaka kikalowa, akamnyooshea Zied.

"Onja kazi yako, mwanangu."

Zied akakipokea, akakitia chote mdomoni. Akakohoa. Akakohoa tena, machozi yakamtoka, akashika ukingo wa pipa. Ndipo kwa mara ya kwanza toka nimjue nikamsikia Ami Khemais anacheka, kicheko chembamba cha puani, na mkono wake tayari unachovya kipande cha pili.

"Huyu naye," akasema, akimgeukia Dorsaf. "Njoo, binti. Bado zamu yako."